Mbao za Ziwa Tanganyika: nchi nne, vitabu vinne

Mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya bandari ya Kigoma, ni soko lisilo na ukuta. Maboti yanayoondoka hapo hubeba saruji, unga, sabuni na bidhaa za dukani kwenda Uvira, Baraka na Kalemie. Yanayorudi huleta kile ambacho ng'ambo kinapatikana kwa bei nafuu kuliko huku, na mbao ni miongoni mwa vitu hivyo. Mteja wa Mwanga au Ujiji anayetaka mlango wa mninga hamwulizi seremala mti ulikatwa upande gani wa ziwa. Anauliza bei, anagonga ubao kwa kidole kuona kama umekauka, basi.

Seremala naye hana sababu ya kuuliza, na mtu aliyemuuzia mbao hana sababu ya kueleza. Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo nchi nne za ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zimelizunguka kwa zaidi ya miaka 20 bila kulishika. Mikataba ipo, matamko yapo, na vikao vimefanyika katika hoteli nzuri za miji mikuu. Kilichokosekana ni kitu ambacho kila mwenye duka la jumla Kigoma anacho: daftari moja linaloonyesha mzigo uliotoka na mzigo uliopokelewa, ili mwisho wa mwezi pande mbili zilinganishwe.

Msomaji wa kurasa za biashara anaweza kudhani kwamba misitu ni habari ya mabwana miti na wageni wa Gombe. Sivyo. Ni habari ya bei, na ya nani anabaki sokoni na nani anafukuzwa.

Kibali kinapogeuka hasara

Chukua hesabu ya mfano tu. Mfanyabiashara wa kwanza anavuna kihalali katika wilaya ya Uvinza. Amepitishwa na kamati ya uvunaji ya wilaya, amelipa mrabaha wa serikali, magogo yake yamegongwa nyundo na ana hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ubao wake anataka kuuuza shilingi 100. Katika hizo, 50 ni gharama za kukata na kupasua, 25 ni malipo ya serikali na halmashauri, 15 ni usafiri, na 10 inabaki kuwa faida yake. Mfanyabiashara wa pili hana karatasi hata moja. Analipa 50 za kukata na kupasua, 15 za usafiri, na tuseme 10 za kuwalainisha watu njiani. Ubao umemgharimu 75. Akiuuza 90 anapata faida ya 15, na mteja anamshukuru.

Ubao ni ule ule, kwa hiyo bei ya soko itakuwa 90. Mwenye kibali akiuza kwa bei hiyo hapati senti. Sasa tuseme serikali ya nchi moja, kwa nia njema ya kulinda misitu, inaongeza malipo kwa shilingi 10. Mwenye kibali anaingia katika hasara. Yule wa pili hajaguswa, ila pengo kati yake na mshindani wake limeongezeka, na hamu ya kuingia katika biashara ya aina yake imeongezeka pia. Kila hatua kali inayochukuliwa na nchi moja peke yake, wakati mwalo wa nchi ya pili uko upande wa pili wa maji, inafanya kazi ya kumpandisha cheo mlanguzi.

Zao la ng'ambo linaongeza ugumu. Mbao zilizokatwa Kongo hazidaiwi mrabaha wa Tanzania. Zinadaiwa karatasi za Kongo na taratibu za forodha. Kwa hiyo mti uliokatwa usiku katika msitu wa Masito una kila sababu ya kujiita mti wa Kongo asubuhi, na wa Kongo una kila sababu ya kujiita wa Tanzania pale masharti ya huku yanapokuwa mepesi. Ofisa aliyeko kizuizini anaona muhuri. Hana njia ya kumwuliza mwenzake wa Kalemie kama muhuri huo ulitoka mezani kwake na kwa mzigo wa ukubwa gani.

Udhaifu huu si wa ziwani tu. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya viumbe pori, lilichapisha uchunguzi wake juu ya mbao za kusini mwa Tanzania. Lililinganisha takwimu za Tanzania za mazao ya misitu yaliyouzwa China na takwimu za China za mazao yaliyopokelewa kutoka Tanzania. Kitabu cha China kilionyesha mara kumi ya kitabu cha Tanzania. Hakuhitajika mpelelezi kujipenyeza msituni. Yalihitajika madaftari mawili na mtu wa kuyasoma pamoja. Uchunguzi huo ulieleza kwamba katika maeneo yaliyochunguzwa mapato ya serikali yaliyopotea yalifikia asilimia 96 ya yale yaliyostahili kukusanywa.

Mti mmoja, majina mawili

Katika misitu ya miombo ya Kigoma na Tabora upo mti uitwao mkurungu, ndugu wa mninga. Ukivuka ziwa na kushuka hadi Katanga na Zambia, mti huo huo unaitwa mukula. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kawaida tu. Halafu wanunuzi wa China, ambao wanapenda samani za mbao nyekundu na ambao miti ya aina hiyo ilikuwa imewaishia Asia, wakaugundua. Katika miaka ya 2010 magogo yake yakawa mali ya kukimbiliwa.

Zambia ikapiga marufuku, ikalegeza, ikapiga marufuku tena. Mapema mwaka 2017 ilikamata mamia ya malori yaliyobeba mukula kutoka Kongo, na mengi yalikuwa ya Watanzania, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Wenye malori walisema mzigo ni wa Kongo na una karatasi za Kongo. Zambia ilisema mukula ni mukula, na hakuna ajuaye kama haukukatwa upande wake wa mpaka. Kila upande ulikuwa na hoja. Malori yalikaa, madereva walikaa, mikopo ya benki ikaendelea kuhesabu riba, hadi mambo yakamalizwa na wakubwa wa nchi. Kongo kutangaza kwa Zambia kila hati iliyotolewa kungetosha kulimaliza jambo hilo kwa siku moja, na dereva mwenye karatasi za kughushi angejulikana hapo hapo.

Baada ya hapo dunia iliingilia kati. Mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Geneva mwezi Agosti 2019 uliuweka mkurungu katika Orodha ya Pili. Mkutano uliofuata, Panama, Novemba 2022, uliongeza mninga na jamaa zake wote wa Afrika, pamoja na mkongo. Masharti hayo yalianza kutumika Februari 2023. Maana yake kwa Kibirizi ni nyepesi kueleza: mbao za mninga zikivuka ziwa zimevuka mpaka wa kimataifa, na nchi zilikotoka lazima iwe imetoa kibali baada ya kuridhika kwamba uvunaji hauhatarishi uhai wa mti huo. Nchi zote nne za ziwa ni wanachama wa CITES. Ni wafanyabiashara wangapi wa mbao wa Ujiji walioelezwa jambo hili na mtu yeyote ni swali jingine.

Masharti si ya uonevu. Mninga unaweza kuchukua miaka 75 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Anayeukata leo anatumia mali ambayo alikuta imewekwa na ambayo hataiona ikirudi. Kwa taifa zima hesabu imekwisha kuvuka mstari mwekundu: tathmini ya misitu ya Tanzania iliyotolewa mwaka 2015 ilikadiria kwamba misitu inaweza kutoa meta za ujazo milioni 42.8 za miti kwa mwaka bila kudhoofika, wakati mahitaji ni milioni 62.3. Pungufu ni milioni 19.5, na linatokana hasa na kuni na mkaa. Duka linalouza zaidi ya linavyonunua, kila mwaka, linaelekea kufungwa.

Meza nyingi, viti vichache

Tatizo halisababishwi na uhaba wa mikutano. Septemba 2015, huko Durban, nchi tano zilitia saini Tamko la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao: Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagascar. Ni tamko zuri, lakini kati ya nchi nne za Tanganyika ni Tanzania pekee iliyokuwamo. Mwaka 2022 likaja Tamko la Maputo juu ya misitu ya miombo. Tanzania, Kongo na Zambia zimo, Burundi haimo, kwani hilo ni jambo la nchi za SADC. Itifaki ya misitu ya SADC ya mwaka 2002 ina upungufu huo huo. Tume ya misitu ya Afrika ya Kati, COMIFAC, inazo Burundi na Kongo, haina Tanzania wala Zambia. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeipokea Burundi tangu 2007 na Kongo tangu 2022. Zambia iko nje.

Mbao hupita katika mapengo hayo kama dagaa katika wavu wa matundu makubwa. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu yake ya umma mwaka 2018, majengo ya Nairobi hayakusimama. Mahitaji yalihamia kwa majirani.

Ipo meza ya ziwa lenyewe ambayo nchi zote nne zina viti. Juni 2003, Dar es Salaam, zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, ulioanza kutumika mwaka 2005. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, ikaundwa mwaka 2008. Watu wengi huichukulia kuwa ofisi ya samaki na maji. Lakini mkataba wenyewe unazitaka nchi wanachama kuzuia udongo kuingia ziwani, na udongo huingia ziwani kwa sababu moja kubwa: miteremko iliyokatwa miti. Atakayesafiri kwa boti kutoka Kigoma kwenda kaskazini wakati wa masika ataona mwenyewe vilima vilivyovuliwa nguo na vijito vya rangi ya matofali vikimwaga mzigo wao kwenye maji ambamo samaki wadogo huzaliana. Kwa hiyo Mamlaka hii haihitaji mkataba mpya ili kushughulikia mbao na mkaa. Ruhusa imo katika mkataba wa 2003.

Tena imekwisha kuonyesha kwamba nchi hizi zikitaka zinaweza. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kutokana na makubaliano ya nchi za ziwa ya kuwapumzisha samaki. Haikuwa dawa tamu. Wachuuzi wa dagaa na migebuka wa Kibirizi na Katonga walikaa bila biashara yao, na manung'uniko yalikuwa mengi. Hata hivyo kila mtu alielewa hoja: haina maana mvuvi wa Kigoma kutundika nyavu zake ikiwa samaki yule yule anavuliwa na jirani. Hoja hiyo hiyo inafaa kwa mkurungu. Tofauti ni kwamba samaki anarudi baada ya msimu.

Kinachotakiwa hakina gharama kubwa. Kila nchi iteue mialo na bandari chache ambako mbao na mkaa vinaruhusiwa kuvuka. Kila hati inayotolewa Kalemie, Moba, Rumonge, Mpulungu au Kigoma inakiliwe Bujumbura siku hiyo hiyo, ikitaja aina ya mti, ujazo, chombo na mahali mzigo unakokwenda. Anayepokea mzigo naye aandike alichopokea. Kila robo ya mwaka Mamlaka itoe jedwali la hesabu hizo mbili, hadharani, ili wafanyabiashara wenyewe waone ni wapi hazikutani. Simu za mkononi zinatosha kwa kazi hiyo.

Pingamizi zipo na nyingine ni za kweli. Wenye maboti watasema kila karatasi mpya ni mkono mpya unaonyooshwa, na atakayewabishia hajawahi kusimama mwaloni na shehena. Ndiyo maana hati iwe moja inayotambuliwa pande zote, badala ya hati ya nne juu ya tatu zilizopo. Watu wa serikali watasema habari za mapato ni siri ya nchi. Lakini nchi ambayo haijui kilichotoka haina siri ya kulinda. Wengine watauliza kama inawezekana kufanya kazi ya makaratasi na mashariki ya Kongo wakati mapigano hayajatulia. Februari 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, na watu wakikimbia hawabebi jiko la gesi. Wanapikia kuni za mahali walipofikia. Kigoma inalijua hilo tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu. Vita ni sababu ya kuanza na mialo michache inayofanya kazi. Haiwi sababu ya kungoja.

Wanaolinda bila malipo

Anayeumia zaidi katika hali ya sasa hayupo mjini. Tangu mwaka 1994, mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall umefanya kazi na vijiji vya mwambao wa Kigoma, kwanza kwa vitalu vya miche na baadaye kwa mipango ya matumizi bora ya ardhi na misitu ya hifadhi ya vijiji. Upo uoto uliorudi katika miteremko iliyokuwa mitupu. Vijiji hivyo vimejinyima mashamba na mkaa kwa matumaini kwamba msitu utawapa kitu: asali, maji, na siku moja mbao za kuuza kihalali.

Siku hiyo ikifika, mbao zao zitakutana sokoni na ubao wa shilingi 90. Kijiji kilicholinda msitu kwa miaka 30 kitauza kwa hasara, au hakitauza kabisa, na vijana wake watauliza ni kwa nini wazee waliwazuia kukata. Hakuna semina ya mazingira itakayolijibu swali hilo.

Muda nao unabana. Mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na tawi la kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, limefuata. Ni habari njema kwa saruji, kwa mafuta ya mawese na kwa kila mtu aliyewahi kungoja behewa Kigoma. Lakini reli hupunguza gharama ya usafiri kwa kila mzigo, wenye hati na usio na hati. Katika hesabu ya juu, zile shilingi 15 zitashuka kwa wote wawili, na misitu ya Kongo ambayo leo inalindwa na umbali tu itakuwa karibu na Dar es Salaam kuliko ilivyopata kuwa. Ujiji iliwahi kupitia hali ya namna hiyo katika karne ya 19, ilipokuwa kituo cha pembe za ndovu zilizoletwa kutoka Manyema. Mji ulichangamka kwa mali ya wengine, na wafanyabiashara wakazidi kusogea magharibi kuifuata kadiri tembo walivyopungua.

Kwa upande wa matumizi ya ndani, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ukifaulu utapunguza sehemu ya mkaa. Bujumbura, mji mkubwa kuliko yote ya kandokando ya ziwa, bado utahitaji wa kwake kutoka mahali fulani.

Wakati serikali zinaendelea kutafakari, mnunuzi wa mbao wa Kigoma na Ujiji anaweza kujikinga. Mninga, mkurungu au mkongo uliopasuliwa ng'ambo ununuliwe kwa anayeweza kuonyesha kibali cha CITES cha Kongo pamoja na karatasi za forodha, na nakala zihifadhiwe, kwani mzigo unaweza kusimamishwa njiani kuelekea Dar es Salaam hata kama ulipita salama mwaloni. Masharti ya CITES kwa miti hii yanahusu magogo, mbao, vinia, plaiwudi na mbao zilizorandwa au kuchongwa. Samani zilizokwisha kutengenezwa hazimo. Seremala wa Ujiji anayeuza kitanda na kabati badala ya kusafirisha ubao mtupu ana nafasi ambayo wachache wameitazama, mradi aweze kuonyesha mti wake ulitoka wapi.